Mama Mkwe na Supu Yangu

Jumatatu, 9 Juni
Nimetoka kazini Hurlingham, nikapitia kwa mama mboga. Ameniongezea dhania ya bure kama kawaida. Supu ya nyama, dhania nyingi juu. Mama yake Wafula ameonja vijiko viwili, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Tangu mume wangu amlete kutoka Bungoma kwa matibabu, anaishi kwa chai na mkate.

Jumanne, 10 Juni
Kliniki, mjini, na mama mkwe. Kilo zimeshuka tena. Daktari amesema asipopata nguvu hatafanyiwa operesheni. Nimeogopa. Wafula amemshika mkono njia nzima hadi nyumbani, Satellite.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemkuta jikoni anasuuza sahani nilizokwisha kuosha. Moja moja, kwa maji ya moto. Halafu sufuria. Ai! Yaani mimi ni mchafu? Mimi, Wanjiru, niliyelelewa na mama anayesugua sufuria mpaka ujione uso? Nimejifungia chumbani. Nina hasira.
Kuku wa jioni hakumgusa.

Jumamosi, 14 Juni
Leo uvumilivu umeisha. Nimemwuliza wazi chakula changu kina nini. Ameangalia chini, kisha akasema, "Usikasirike, mwanangu. Kina ladha ya sabuni. Nilidhani vyombo vinabaki na povu."
Nusura nimjibu vibaya. Nikaenda kwenye sufuria, nikamchotea supu kabla sijatia dhania. Akameza, akataka tena. Nikatia dhania. Akakunja uso papo hapo.
Dhania! Nimewahi kusikia kuna watu wanaozaliwa hivyo, kwao jani hilo ni sabuni tupu, na huenda hali hiyo hurithiwa. Nikamgeukia Wafula. Anaangalia kucha zake. Akakiri, kwake pia ni sabuni. Alidhani ni yeye peke yake duniani. Tangu tuoane anakula sabuni na kusema asante.
Nimeumia, haki. Si angesema tu? Halafu nikakumbuka siku ya kwanza kwao, mrenda ule, mboga inayoteleza. Niliumeza nimefumba macho, nikasema ni mtamu, nikaongezewa. Ukweni hukatai chakula. Maskini Wafula, amekuwa ukweni ndani ya nyumba yake.

Jumatatu, 16 Juni
Mama mboga ameshangaa nikimrudishia dhania. Nimechukua mboga ya managu badala yake.

Jumapili, 29 Juni
Mama anakula. Leo amemaliza bakuli na kufuta mchuzi kwa ugali. Kliniki ya Ijumaa kilo zimepanda, tumepewa siku ya operesheni. Nimelala vizuri wiki hii.
Baada ya kanisa nimemwuliza Wafula kama kuna kingine anachomeza kwa heshima. Akasema chai, tangawizi imezidi.
Nimecheka mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Jioni nimechemsha chai bila tangawizi. Tangawizi yangu nimeiponda kwenye kikombe changu. Tumekunywa sote watatu, mlango wazi, mvua ikinyesha kidogo.