Namba Kumi Haivaliwi

Hamisi,

Tumefungwa tena. Jumamosi, tatu bila, na waliotufunga ni wale wanafunzi wa uhasibu ambao wewe ulikuwa ukisema wanakimbia kama wamebeba ndoo ya maji kichwani. Hii ni mechi ya nane tangu utuache, na hatujashinda hata moja. Refa hajamaliza kupuliza filimbi ya mwisho, nikasikia nyuma yangu: "Ah, angekuwepo Hamisi!"

Nimechoka na wewe, ndugu yangu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Ulipokuwa hai ulinikalisha benchi miaka miwili, mimi Deo mtu wa Njombe, kazi yangu kukushikia saa na kandambili. Nikasema haya, riziki mafungu saba, la kwangu litakuja. Sasa umekufa, nafasi yako nimepewa mimi, na bado naonekana niko benchi. Ulipokuwa nasi ulikuwa unakosa, kama sisi wote. Siku hizi hukosi hata penalti. Ile uliyoipaisha mpaka ikatua juu ya bati la jiko la chuo haikumbukwi na mtu, na nikiwakumbusha wananiambia marehemu hasemwi vibaya.

Zile jezi alizotupa tajiri wa magodoro, zenye picha ya godoro kifuani, bado tunazo. Namba kumi yako haivaliwi. Kepteni Mwaipopo huileta uwanjani imekunjwa, akaitandaza kwenye benchi, na hakuna anayeruhusiwa kukaa mahali hapo. Wachezaji wa akiba wanasimama juani, jezi imekaa. Mimi ninayecheza nafasi yako nimepewa kumi na sita, ambayo inanifika magotini, nadhani ilishonewa yule tajiri mwenyewe.

Jumatatu kamati ya ufundi ikaleta majibu. Unaijua hiyo kamati, wale watatu ambao ufundi wao wote ni kwenda kwa mganga. Safari hii waliambiwa kwamba marehemu ana kinyongo, anamwonea wivu aliyekaa mahali pake. Mwaipopo akanivuta kando. "Deo, ishu ni wewe, braza. Nenda kaburini ukamwombe radhi. Sie tumechoka kufungwa." Akanikabidhi chupa ya marashi na ubani kwenye karatasi.

Nilicheka mpaka akakasirika. Wewe unionee wivu mimi! Mganga aliupatia ugonjwa, akakosea mgonjwa.

Lakini nilikwenda. Jana nimetoka hapa Ukonga asubuhi mpaka Mbagala kwenu. Siku ya mazishi sikuonana na mama yako, akina mama walikuwa ndani na sisi tulikuwa nje. Nikamwamkia shikamoo, nikajitaja jina, akanishika mkono asiniachie.

"Wewe ndiye Deo? Kaa, mwanangu. Alikuwaga akikusema humu ndani mpaka tunachoka. Anasema, mama, yuko mtu wa bara, mguu wake wa kushoto chuo kizima hakuna, kocha tu hamuoni."

Hukuwahi kuniambia hayo. Kwa nini hukuniambia, Hamisi? Miaka miwili tumelala kitanda kimoja cha juu na chini, umeniambia mpaka ndoto zako za kukimbizwa na mbuzi, hilo hukulisema. Nilikaa pale mkekani nikakuonea wivu upya, maana hata kwa wema ulikuwa umenipita.

Akaniletea wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikiwa nakula akasema, bila kunitazama, kwamba yote amemwachia Mungu ila moja tu linamsumbua. Ulikwenda na unyonge. Hata hospitalini, homa ilipokuachia kidogo, ulimwambia: "Mama, mie hakuna timu iliyoniona."

Sahani nikaisogeza kando. Nikanywa maji, nikasema pole mama, nikaaga.

Pale kaburini marashi niliyamwaga na ubani niliuchoma, timu isije ikasema sikutimiza. Neno lenyewe lilikataa kutoka. Kwa hiyo nalileta hapa, na nisikuzungushe. Wiki mbili kabla hujaugua, ile Jumapili uliyokwenda kumtazama mama yako, alikuja mtu na pikipiki mpaka bwenini. Alitumwa na ile timu ya daraja la kwanza uliyokuwa ukiifuata redioni, sikio umeligandisha kwenye spika. Alikuulizia kwa jina lako na la baba yako. Akanikuta mimi, nikamwambia tunalala pamoja, akaniachia ujumbe. "Usisahau, braza." Nikasema sisahau.

Na sikusahau. Afadhali ningesahau. Siku waliyokuitia nilikuwa nawe tangu asubuhi, tulikula maharage sahani moja, ukanimegea ukoko wa ugali kama kawaida yako, na mimi nikautafuna nikikuangalia. Nikasema moyoni, acha akae na sie kidogo, kwani lazima kila kitu kizuri kiwe chake? Nilipanga nikuambie wiki inayofuata, nijifanye nimepitiwa, unitukane kidogo, tucheke. Wiki iliyofuata homa ikakupanda kichwani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa karibu yako kuliko nguo.

Basi upokee ujumbe wako, ingawa nimeuchelewesha. Kocha wao alikuja kukutazama mara tatu, alisimama kule upande wa miembe asijulikane. Anakutaka. Walisema uende Jumatano, saa kumi jioni, uchukue njumu zako, na usiwe na wasiwasi, siyo majaribio ya watu wengi, ni wewe peke yako.

Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nitarudi Mbagala. Nitamwambia mama yako kwamba mwanawe alionekana, na aliyemzibia njia ndiye huyo huyo aliyekula wali wake. Asiponiita mwanangu tena, sitamlaumu. Akinifukuza nitaondoka, ila nitakuwa nimeshamwambia. Naahidi mbele yako, na ahadi hii sitaiweka mfukoni.

Pumzika, Hamisi. Nimeiandika barua hii nikidhani nikifika mwisho wake nitakuwa nimepoa. Sijapoa. Najua ungekwenda ile Jumatano, na najua wangekuchukua siku ile ile. Na hilo, Mungu anisamehe, mpaka sasa linanichoma.

Deo