Motokari Tulipatana, Mafuta Hapana

Mujukuu wangu Furaha,

Niko na miaka makumi nane, nimezika madaktari wawili wenye walinikataza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Koko yako, muke wangu, anakusalimia.

Unauliza kama uchukue ile motokari ya kitajiri mu location, ya kukodi. Siku ya ndoa yetu nilikodi moja mu mutaa wa Ibanda. Kwa kubishana bei hakuna wa kunishinda: mwenye motokari alichoka, akaitika.

Tukapita pembeni ya ziwa kama mu ndoto, koko yako mu voile, shela ya bibi arusi. Kwenye mupando wa Bagira motokari ikanyamaza, na padri alisema hatangojea mutu.

«Papa, tulipatana motokari,» shofere akasema. «Mafuta haikuwa mu maneno.»

Koko yako akavua viatu. «Bwana wa bei, shuka.»

Tukapanda kilima cha Kasha kwa miguu, mukono mu mukono, voile inapepea. Mpaka leo naiona. Padri tulimukuta anafunga mulango wa kanisa.

Bei nilishinda. Lakini wewe, mbele ya kusaini, uliza vyenye haviko mu bei.

Huamini? Uliza yule shofere, ndiye parrain wa mama yako, baba yake wa ubatizo.