Kola Niliyoikata Kwenye Shairi Lako

Zuhura, Mzaramo wangu,

Sijui nikupe salamu gani. Ulipokuwa hai nilikuwa nikifika barazani asubuhi nakuuliza, "Umeamka, mvivu wa Pwani?" nawe unanijibu, "Nimeamka, mbeba mizigo." Watani hatukuwa na salamu nyingine. Leo naiandika na hakuna wa kuijibu, lakini naiacha hapo hapo. Umeamka?

Ni Ijumaa mchana. Wanaume wameenda msikitini na mtaa wetu hapa Kariakoo umepoa kidogo, ingawa yule muuza vyombo wa mkabala hajazima kipaza sauti chake. Tangu nianze barua hii nimeshainuka mara nne. Nimetia mafuta cherehani isiyotaka mafuta, nikaichomoa bobini ya uzi nikairudisha. Nimepanga vifungo kwa rangi, nikavivuruga tena. Situlii, Zuhura. Sijatulia tangu Januari, na sababu ni wewe na lile shairi lako.

Nianze na msiba wako. Ulituacha wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, baraza limejaa sare mpaka hatuna pa kukanyaga. Presha ikakupanda asubuhi, na jioni ileile tukawa tumekaa mkekani kwenu Magomeni bila wewe. Watu wakanitazama mimi. Mnyamwezi kwenye msiba wa Mzaramo ana kazi yake: ajifunge khanga ya marehemu, aige mwendo wake, awachekeshe wafiwa huku wanalia. Na ya kusema nilikuwa nayo tele. Jinsi ulivyokuwa ukinisingizia nimeiba sindano yako, kumbe umeibana mdomoni. Jinsi ulivyoshindwa kushona hata pindo moja bila kuimba. Sikusema hata neno. Nikamsikia shangazi yako ananong'ona, "Mtani gani huyu, bubu?"

Wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa na jingine. Ulikufa tumenuniana.

Wewe unaijua sababu. Acha niiseme tu, maana sijawahi kuisema kwa mdomo wangu. Neema wangu na Mwajuma wako wamekulia chini ya meza yetu ya kukatia, wakichezea mabaki ya vitambaa, wakigombania kopo la vifungo. Tulikuwa tukishonea shule mbili. Ile ya serikali, mashati meupe na sketi za bluu. Na ile ya kulipia, ya Kiingereza, sketi za miraba ya kijani na tai. Mwaka watoto wetu walipofikia umri wa darasa la kwanza, mwenye shule ya kulipia akasema atampokea mtoto mmoja wa mafundi bila ada, kwa sababu kazi yetu inampendeza. Mmoja tu. Ukanitazama ukasema, "Mpeleke Neema, ana pumu, ile barabara ya kwenda kwa miguu ina vumbi, na Mwaju wangu..." Sijui ulitaka kusema nini kuhusu Mwaju wako. Niliitikia kabla hujamaliza.

Basi Neema akawa anachukuliwa na gari la njano pale kwenye kona, na Mwaju anakwenda kwa miguu. Hatukuligusa tena jambo hilo. Lakini sisi mafundi, nguo hutuambia yote. Sketi za Neema zilikuwa zikirudi kuongezwa urefu tu. Za Mwaju zilikuwa zikirudi zimeliwa nyuma, makalioni, kwa sababu darasani kwao madawati hayatoshi na anayechelewa anakaa kwenye saruji. Ulikuwa ukitia kiraka, kikiisha unatia kingine juu yake, huku unaimba. Mimi nilikuwa najifanya natafuta mkasi.

Desemba ukanipa karatasi ya kaki, ile kubwa tunayokatia vipimo, umeiandika kwa penseli upande mmoja wote. "Soma, Mnyamwezi. Nimetunga." Nikasoma nimesimama:

Wawili chini ya meza, mabaki wanachezea,
Kicheko wakitokeza, nami nikiitikia,
Miaka ikateleza, shule zikawachukua,
Uzi mmoja bobini, mbona njia zaachana?

Wa kwanza akishashuka, kiti kinamngojea,
Wa pili akishafika, sakafu yampokea,
Sketi yake yachanika, kiraka naongezea,
Uzi mmoja bobini, mbona njia zaachana?

Nikaingia ubeti wa tatu. "Nafasi ikafunguka, mkono ukaiwahi." Hapo nikakomea. Mkono wa nani, Zuhura? Nikakurushia karatasi yako. Nikakwambia kama roho ilikuuma ungesema siku ile, si kuja kunisema kwa vina miaka sita baadaye. Ukaniambia, "Malizia basi. Hujafika mwisho." Sikumaliza. Tukashona siku tisa kwenye baraza moja tumepeana migongo, kisha ukafa.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniinua kitini.

Siku ya nne baada ya mazishi nilirudi kazini, wateja wamefurika, kila mzazi anataka sare ya mwanawe jana. Kipimo cha kola kilikuwa kimechakaa, cha mkono kimechanika. Nikapapasa nyuma ya kioo tunakoweka karatasi, nikatoa moja, nikaikunjua mezani. Kwa watu nimekuwa nikisema kwamba sikuangalia. Niliangalia. Niliuona mwandiko wako, zile herufi zako zinazolala kushoto kama zimechoka. Mkono wangu ukasimama kidogo tu, kisha nikaigeuza karatasi, maandishi yakawa chini, nikachora kola. Nikakata. Nikakata mkono, nikakata mfuko. Nilikuwa na hasira nawe kwa kunisema na hasira nawe kwa kufa, na mkasi ulikuwa mkononi.

Miezi yote nimekata mashati ya watoto wa watu kwa vipande vya shairi lako. Wa shule zote mbili.

Mwezi wa nane Mwaju akaja barazani. Amerefuka, Zuhura, anaanza kuwa na mabega yako. Akaniamkia, akasema mwalimu wao anataka mtoto mmoja aghani shairi siku ya mahafali ya darasa la saba, naye amejitolea. "Mamdogo, lile shairi la mama la sisi wawili liko wapi? Aliniambia amekuachia wewe."

Nikamwambia sijui.

Mwanao akasema, "Haya, mamdogo, ukiliona," akaondoka. Nikashona shati zima, mkono wa kushoto nikaupachika kulia. Miaka kumi na tisa ya ufundi.

Jumamosi yake nikageuza vipande vyote mezani nikaanza kuviunganisha kwa pini. Ubeti wa kwanza nikaukuta kwenye kola. Wa pili na wa tatu kwenye mkono, zimepitiwa na alama za chaki lakini zinasomeka. Ubeti wa mwisho ulikuwa kwenye mfuko, na mfuko nilikuwa nimemwazima Fundi Shabani wa Mchafukoge. Nikaenda mbio bila hata kufunga baraza. Akaniambia kipande hicho kililowa mvua za masika akakitupa. "Si kipande cha karatasi tu, Mama Neema? Nikukatie kingine?" Maskini, hakujua kwa nini nilimkalia kwenye ngazi yake nikalia.

Nilivyorudi nilimkuta Neema ameinamia meza, anasoma kwa kidole. Unamjua mwanangu na Kiswahili cha kitabuni. Ukimwambia vina na mizani anafikiri ni majina ya watu. Unakumbuka siku aliporudi amevishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili darasani, ukakivua ukakitupa kwenye mabaki? Basi akafika penye tundu, pale palipokosa mfuko, nami nikafungua kinywa nimwambie hapo pamepotea. Hakusimama. Aliendelea kwa kuimba, kwa sauti yako, bila kutazama:

Mtani usilalame, mwanao simlaumu,
Nataka wote wasome, wote wapewe elimu,
Nikihama ujitume, uishike yangu zamu,
Uzi mmoja bobini, njia zije kukutana.

"Umejuaje?" nikamuuliza. Akashangaa. "Si Mama Mwaju alikuwa anauimba kila akinipima? Nilidhani na wewe unaujua."

Malizia basi, uliniambia. Hujafika mwisho. Ewe mwanamke! Kwa nini hukunishika kola ukanilazimisha? Ningekusikia. Hapana, labda nisingekusikia. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kinauma. Mistari saba tu ilikuwa imebaki, na mimi nilichagua kununa.

Siku ileile nikaenda Magomeni na vipande vyangu vilivyobanwa pini. Nikamweleza Mwaju kila kitu, pamoja na ule ubeti alioukumbuka Neema. Sikumwambia ni bahati mbaya. Nikamwambia, "Niliuona mwandiko wa mama yako nikakata." Akavipokea, akavitazama sana, akaingia ndani. Hakuniaga. Baada ya hapo amekuwa akipita barazani kwenda kununua madaftari, anaangalia mbele. Mtoto uliyemfundisha kumwamkia hata mwendawazimu wa stendi, mimi hanipi shikamoo. Nikasema sawa, ni haki yake. Lakini niliumia, nisikufiche.

Jumatatu nikakuta kadi ya mahafali imebanwa na pini kwenye cherehani yako. Haina neno.

Mahafali yalikuwa jana. Nilikwenda na Neema. Viti vya plastiki vimekodiwa kwa ajili ya wageni, na wahitimu wenyewe wakakaa chini kwenye mkeka, hata siku yao. Mwaju akaitwa. Akapanda jukwaani na kola yako na mkono wako wa karatasi, hakunakili popote, akaghani beti zote nne. Wazazi walioshona viraka wakawa wanatikisa vichwa. Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake, na mgeni rasmi akaacha kuchezea simu. Ubeti wa mwisho aliughani akiniangalia mimi, nami sikujua niuweke wapi uso.

Kisha akasema, na haya yalikuwa yake, hayakuandikwa mahali:

"Shairi hili katunga marehemu mama yangu, fundi Zuhura. Kalikata vipande mtani wake, yule pale mwenye kitenge. Msimlaumu. Mnyamwezi ukimpa shairi zima anaona mzigo mzito, lazima alikate abebe kidogo kidogo!"

Uwanja ukaangua kicheko. Wazaramo wenzako wakapiga vigelegele. Na mimi, Zuhura, niliyekuwa bubu msibani kwako, nikajikuta nimesimama, sijui nani aliniinua, nikapaza sauti, "Mzaramo wee! Mama yako angekuwa anaamka mapema angelificha vizuri!" Wakacheka tena. Mimi nikawa nalia, nacheka, kamasi zinanitoka mbele ya mgeni rasmi, na Neema ananivuta nguo nikae.

Alivyoshuka akaja moja kwa moja. "Shikamoo, mamdogo."

Marahaba yangu sijui kama ilisikika.

Ningeishia hapa, lakini bado sijatulia, na nadhani najua kwa nini. Tulicheka, ndiyo, ila mkeka ule bado uko chini. Mwakani kuna mwingine atakayefika amechelewa. Na Januari Mwaju anaingia kidato cha kwanza, ambako hesabu ni kwa Kiingereza, historia ni kwa Kiingereza, kila kitu, kwa mtoto aliyesoma miaka saba kwa lugha yake. Watamwambia hana akili, kumbe ni lugha tu. Nikilifikiria hilo nainuka tena kitini.

Kwa hiyo nakuahidi, na unajua mimi si mtu wa ahadi nyingi. Kila Jumamosi wawili wale watakaa kwenye meza yetu, juu safari hii, si chini. Neema atampa mwenzake Kiingereza, Mwaju atamfundisha huyu wa kibao vina na mizani. Wameshakubaliana, wameanza hata kunifukuza nisiwasikilize. Mkutano wa wazazi wa ile shule anayoiacha Mwaju nitakwenda mimi, fundi wao wa sare, nitakaa mbele, na nitauliza habari za madawati mpaka wanichoke. Mdomo wangu unaujua.

Sketi yake ya kidato cha kwanza nimeshaikata. Nyuma nimetia kitambaa maradufu. Naomba Mungu kisihitajike.

Wanaume wanatoka msikitini, wateja wanarudi. Barua hii nimeiandika kwenye karatasi ya kaki, nitaiweka kwenye droo ya cherehani yako, na sitamwazima fundi yeyote.

Lala, mvivu wa Pwani. Mzigo wako niachie mimi. Si ulisema ndiyo kazi yetu Wanyamwezi?

Mtani wako,
Mama Neema