Reflex ya Gamaliel iko ndani ya sanduku yangu

Mama Hulda, mushauri wetu wa radio, pokea salamu kutoka Kimemi hapa Butembo, tunakusikilizaka kila siku ya tano ya juma, na leo mimi naye niko na neno yenye inanikataza usingizi, naomba unisaidie mawazo.

Mimi ni mama ya Gamaliel. Kama ulishafika ku ndoa yoyote hapa mujini ulishamuona, ule kijana murefu mwenye anapiga magoti ndani ya matope juu sura ya bibi arusi itoke vizuri, njo wangu. Mimi sikumaliza primaire, mais mutoto wangu anavaa reflex ku shingo, appareil ya kweli ya kupiga foto na film, nzito kama jiwe ya kusagia, marehemu baba yake aliuza kahawa yetu yote ya Vuhovi juu ya kumununulia. Ku soko bananiita Mama Reflex, na mimi nabaachaka baite. Na mutoto iko na heshima, kila mara ananifuata, «mama, kaa hapo nikupige», mimi namujibu film ni ya client, usiipoteze juu yangu.

Sasa shida yangu njo hii. Gamaliel anataka kuacha reflex kwa Lusenge, ule commerçant mwenye alirudi Dubai na appareil za numérique, zile za bila film, babadilishane. Ananiambia: «Mama, film ya rangi inaenda mpaka labo ya Beni, vita ikifunga barabara, bibi arusi anazaa mbele foto yake irudi.» Nilicheka, ni kweli, siwezi kubisha, mais moyo inakatala, na nakuambia juu ya nini.

Kuko jirani yetu Abdias, naye anapigaka foto, yeye alishapata numérique. Rafiki yangu wa chorale, Mama Kahongya, alipokufa, batoto bake balienda kumuomba foto ya kuweka juu ya sanduku ya mufu, juu alimupigaka foto ku ndoa ya mujukuu. Abdias akajibu mbele ya kilio yote: «Mama Kahongya? Nilimufuta. Carte ilikuwa imejaa.» Mama Hulda, bakimbizi benye balitoka upande wa Mambasa balituambia basoda balikuwa banasema ile neno, kufuta, wakati banamaliza batu ba vijiji, na sasa mutoto wa jirani anaisema juu ya rafiki yangu, na hata hakujua amesema nini. Njo Gamaliel akarudi ku nyumba, akatafuta ndani ya négatif zake, zile film zenye alishapiga, akamupata Mama Kahongya nyuma ya maarusi bengine, anacheka na meno yote, akamutoa yeye mwenyewe ndani ya chumba yake ya giza, mweusi na mweupe, na kesho yake tukamuzika na sura yake.

Ku hôpital négatif ni jibu ya furaha, na kwangu vilevile. Mimi njo nazichunga zote, ndani ya mikebe ya maziwa, juu ya jiko, zisishike baridi ya Butembo. Batu benye nyumba yao iliungua banatoka mbali banakuja kutafuta sura ya mama yao kwangu, na banaipata.

Donc siku ya kwanza ya juma hii, Gamaliel alipoenda kuoga, nilitwaa reflex nikaifungia ndani ya sanduku yangu, lufungulo iko ku kiuno. Siku ya posho, mwisho wa juma, iko na ndoa Beni, alishatoa neno yake. Hagombani na mimi. Anakula, anasema «aksanti mama», anatoka. Ile aksanti njo inaniua. Nikifungua, anaipeleka kwa Lusenge. Nisipofungua, atapata haya Beni mbele ya batu. Nifanye nini?

Mama Gamaliel, Kimemi

*Mama Hulda anajibu:*

Mama Gamaliel, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili hapana. Mutoto kama huyo umusifu, sitakugombeza juu ya ile. Na juu ya Abdias uko na haki. Mutu hafutwake.

Mais sikiliza. Ile reflex ni ya nani? Baba yake aliuza kahawa juu mutoto atumike, hapana juu wewe upate jina ku soko. Gamaliel hakuiba, hakukutukana, alikuja kukuambia kwa muzuri, na wewe ukafunga. Kwetu hapa kitu tunafungiaka ndani ya sanduku ni mufu, na kazi ya mutoto wako iko muzima. Unasema unachunga sura za batu. Tangu uifungie, ile appareil ilishika sura ya nani?

Na ile mikebe, uitoshe juu ya jiko leo, hapana kesho. Moto na moshi zinakunja négatif kama jani ya ndizi. Abdias alifuta mutu mumoja, wewe utafuta quartier muzima na ugali ikiiva. Uziweke pakavu, mbali na moto.

Numérique itakuja, upende, ukatale. Bibi arusi hawezi kungojea barabara ya Beni. Umuombe Gamaliel neno moja tu: asifute mutu mbele hajamutoa ku karatasi. Na reflex, ukimuomba na mikono wazi, pengine ataichunga. Ukimuomba na lufungulo ku kiuno, Lusenge ataipata, na utakuwa umeipeleka wewe.

Neno ingine. Nilitafuta ndani ya barua yako. Mama Kahongya iko na foto. Batu benye nyumba yao iliungua biko nayo, mabibi arusi ba Butembo yote biko nayo. Yako iko wapi, mama? Fungua ile sanduku leo, utoshe reflex, na kama uko pale utoshe na kikwembe ya sikukuu, uivae. Ukae mbele ya mulango, pale mwangaza iko muzuri, umurudishie mutoto appareil yake ku mukono, umuambie apige. Akikuuliza client iko wapi, umujibu: njo mimi.