Jiwe Ndani ya Udongo Wako, Masanja

Masanja, rafiki yangu wa Ubaruku,

Sijui kama uko hai. Kama uko hai, sijui kama jina langu bado unalo: Anjelika, mdogo wake Onesmo, yule msichana pekee aliyekuwa akicheza vita na nyinyi wavulana kando ya mfereji wa mpunga. Anwani yako sina, ndiyo maana nakuandikia barua ambayo yeyote anaweza kuisoma. Tangu juzi sikai nikatulia. Nabandika chai naisahau jikoni, nafagia uwanja nilioufagia asubuhi, mpaka majirani hapa Mbeya wananiuliza kama nangojea mgeni. Nina neno la kukuambia juu ya jicho la kaka yangu, na nimelichelewesha karibu miaka hamsini.

Mambo yameanzia kwenye gemu. Naishi na Tumaini, binti wa Onesmo. Ni mwalimu, mtu mzima na akili zake, lakini akirudi kazini anawasha mashine yake kwenye televisheni na kuua watu mpaka ugali unapoa. Gemu aliyonayo sasa ni ya mtu aliyechomewa nyumba, naye anawasaka waliomchomea, mmoja mmoja. Mimi humtania tu, "Leo umezika wangapi?" Wiki iliyopita nilimkuta ameweka kidude chini na kununa. Alikuwa amemuua mlinzi, na gemu ikamlazimisha ampekue mfukoni. Mle mfukoni mlikuwa na kiatu cha mtoto, kimoja, kimekatika kamba, yaani baba mtu alikuwa anakipeleka kwa fundi.

"Shangazi, hawa waliotengeneza gemu ni wanafiki sana," akaniambia. "Wamenituma wenyewe nikalipize, halafu wananisuta."

"Si uache?"

"Nikiacha haiendi. Na nikiendelea najisikia vibaya."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Sisi tulikuwa na mchezo wa namna hiyo hiyo, Masanja, wala umeme hatukuwa nao.

Unaukumbuka? Ilikuwa miaka ile ya sabini, wazee wetu wameshahamishiwa kijijini, sisi tumeshushwa kutoka baridi ya Igowole tukija kuungua jua la Usangu, na nyinyi Wasukuma mmefika na ng'ombe wenu kutoka kaskazini, mkitushangaa tunavyokula mboga za majani kama mbuzi. Mama yangu alikupenda kwa sababu ulimsalimia kwa lugha yetu na kumalizia kwa yenu: "Kamwene, mayu," yaani habari, mama. Alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno, kisha anakukatia kiazi.

Vita vyetu vilikuwa vya fito na udongo. Unabandika donge kwenye ncha ya ufito mbichi, unapeperusha, donge linaruka kama limetumwa. Ili pasiwe na ubishi nani kampiga nani, kila mtu alikuwa na udongo wake: mimi mwekundu wa kichuguu, Onesmo wa kijivu wa mfereji, wewe mweusi tii wa pale ng'ombe wenu walipokuwa wakinywea. Aliyepigwa amekufa, analala. Na haamki mpaka aliyemuua amwendee na majani, amfunike, amlilie kwa kumtaja mema yake. Aliyeua ndiye anayelia. Sheria hiyo sijui aliileta nani, lakini bila hiyo mchezo hauendi.

Kila mtu alitaka auawe na wewe, maana ulikuwa unalia vizuri kuliko wote. Siku moja uliniua, ukapiga magoti, ukaniwekea majani kifuani polepole, ukasema, "Lala Anjelika, uliyekuwa ukigawa kiazi chako hata kikiwa kidogo. Mimi sikukujua vizuri, ndiyo maana nilikupiga." Nilikuwa maiti, lakini machozi yalinitoka kweli. Tangu siku ile nikawa nalenga pembeni nikikuona wewe.

Onesmo alikuwa hapendi kulia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, ndevu anazitafuta kwa kioo. Siku moja akanipiga mgongoni na udongo wake wa kijivu, nikalala kama sheria inavyotaka, nikamngoja. Akaja, akanitazama, akanivuka kama unavyovuka gogo. Nikamwita bila kufumbua macho, "Kaka, nililie." Akawaambia wenzake, "Wanawake hawaliliwi, watapikwa na jua." Wakacheka. Nililala pale mpaka mdudu akaniingia sikioni. Mwishowe nilijiinua mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, nikaenda nyumbani na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata niliponyang'anywa shamba na mashemeji.

Sasa sikiliza, na unisikilize mpaka mwisho. Kesho yake nilifika mferejini kabla yenu. Udongo wangu mwekundu ulikuwa mkavu, hauwezi kushika kitu kizito. Wako ulikuwa unanata. Nikachota donge kwenye lundo lako, nikalisokomezea jiwe katikati, nikalilaza chini ya kanga yangu. Vita vilipopamba moto nikajificha nyuma ya matete, nikalenga mgongo wake. Mgongo, Masanja, nakuapia. Nilitaka aumie kama nilivyoumia mimi. Yeye akageuka.

Wewe ulikuwa wa kwanza kumfikia. Ulikuja mbio umekumbatia majani, ukaona udongo mweusi shavuni kwake, ukadhani ni donge lako lililompata, ukapiga magoti kumlilia. Tayari ulikuwa umeanza, "Lala Onesmo, uliyekuwa na mbio kuliko sisi sote," ndipo ukaona damu. Na watu wazima walipofika wakakukuta hapo, mikono yako myeusi, unamlilia. Nani angetafuta mwingine? Kila mtoto pale alijua aliyeua ndiye anayelia, na ndivyo walivyowaambia wazee.

Ulisema jambo moja tu, na sauti yako ninayo mpaka leo: "Udongo ni wangu, lakini jiwe sikuliweka." Ukarudia na kurudia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nimeshika ufito. Mdomo wangu ulikuwa mzima, haukuwa na kidonda wala nini, na sikuufungua.

Jicho halikupona. Onesmo alirudi kutoka hospitali amefungwa kitambaa, na baada ya siku chache akakuvizia na wenzake wawili pale mlipokuwa mkinyweshea ng'ombe. Walikushika, wakalaza mkono wako wa kulia kwenye gogo, naye akavipiga vidole vyako kwa rungu. "Mkono uliorusha," alisema. Alikuja kulisema hilo nyumbani kwa majivuno, na baba hakumkanya, na mimi nilikuwa nachambua mchele nikaendelea kuchambua. Baba yako hakutaka kesi wala vita vya watu wazima. Kabla mwezi haujaisha mliswaga ng'ombe mkaondoka, wengine wakasema mmeelekea Chunya, wengine Rukwa. Mama yangu alikusikitikia kwa siri.

Nilijiambia nitasema nikikua. Nilipokua nikajiambia nitasema mama akifa, asije akaaibika. Mama akafa. Mtu mwoga hakosi sababu.

Kisha mwaka huu Tumaini amepata mchumba, kijana mpole wa Kisukuma ambaye wazazi wake wanafuga huko huko Usangu. Wakatuma barua ya posa Ipogolo, kwa Onesmo, anakoishi sasa na duka lake la baiskeli. Aliirudisha bila kuifungua. Alinipigia simu kuniambia, kwa sauti ya mtu anayesimamia haki: "Watu waliolitoa jicho langu hawatakula ugali kwangu." Tumaini hajui kisa. Anadhani baba yake ana roho mbaya tu. Jioni ile ile ndipo alipowekewa kile kiatu cha mtoto mbele ya macho yake, akaniuliza mimi, eti shangazi, kwa nini mtu ajisikie vibaya kwa kumlipizia aliyemkosea? Nikainuka nikaenda kubandika chai.

Juzi nilipanda basi asubuhi nikaenda Ipogolo. Nilimkuta dukani anafunga tairi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa sitasema. Nilimwambia yote: nilivyolala juani, donge, jiwe, matete. Nilitegemea atanipiga. Hata ningefurahi kidogo.

Hakunipiga. Alishika ile tairi akaikandamiza kama anayetafuta tundu. Mteja akaja akaondoka.

"Jicho nililizoea," akasema mwishowe. "Ningelizoea hata ungeniambia siku ile ile."

"Nisamehe, kaka."

"Wewe sijui. Tutaona." Kisha akanyanyua mkono wake mwenyewe akautazama, akakunja vidole, akavikunjua. "Vidole vyake nilivipiga mara ngapi, unajua? Alikuwa ananiambia, 'Onesmo, hata mimi nimekulilia.' Nikazidisha."

Alikuwa analia, Masanja, mzee wa miaka sitini na kitu, kutoka kwenye jicho moja na hata kwenye lile shimo. Sikujua kama lile nalo linaweza. Nilimwachia leso nikaondoka, maana hakutaka nimwone. Tangu hapo hapokei simu yangu. Barua ya posa sijui atasema nini juu yake, na Tumaini nitamwambia Jumapili, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Huenda akahama nyumbani kwangu. Ana haki.

Hiki ndicho kinachonizungusha nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Ya Onesmo nimeyasema, ya Tumaini nitayasema. Lakini wewe ulipiga magoti ukiamini donge lako ndilo lililompata. Udongo wa ng'ombe wenu una kokoto, wote tulijua. Nimewaza: labda umekaa miaka yote hii, umeoa, umelea watoto, na siku nyingine unasimama katikati ya kazi unajiuliza kama kokoto iliingia bila wewe kuiona. Labda ulivikubali vile vidole kuwa malipo yako. Kama ndivyo, basi nilikuibia zaidi ya mkono.

Hapakuwa na kokoto. Hukumgusa kaka yangu. Siku ile donge lako lilipita juu ya vichwa vyetu likaangukia majini, nililiona kwa macho yangu, na ulikuwa mtoto asiye na kosa lolote.

Wako niliyenyamaza,
Anjelika, mdogo wa Onesmo
Mbeya