Hotuba Yangu Juu ya Biharamulo

Shikamoo, Mama yangu.

Hapa Biharamulo mawingu ni mazito, nasi wanafunzi wa urubani tunagawana anga na ndege zinazopeleka shehena vitani. Kila mmoja hutaja redioni alipo na kimo chake, kisha hunyamaza ili mwenzake asikike. Jana mimi, msemaji wa majukwaa ya Chuo Kikuu, nilishikilia kitufe cha redio, nikiziba sauti za wenzangu, nikihutubia juu ya ukombozi. Ghafla ndege ya Deusi, mwanafunzi mwenzangu, ikapita chini ya bawa langu, karibu mno.

Tulipotua akasema, "Ndugu msemaji, nimekuita mara tatu. Ungenizika kwa hotuba?"

Majukwaani nilihimiza vijiji vilime pamoja, kumbe mwenyewe sikujua kuruka pamoja. Leo nimetaja nilipo, nikanyamaza, nikamsikia Deusi akiomba kutua.

Nikija nyumbani Ngara, Mama, zungumza wewe; nitasikiliza.

Mwanao,
Method