Cheti Namba 41

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimepoteza cheti changu cha ukaguzi wa lifti tangu Ijumaa, tarehe 31 Januari, saa sita usiku. Nimejua leo — siku nne baadaye, tena kwa kuambiwa na mtu.

Namba 41. Miaka kumi na minane. Siku ya mtihani nilikuwa mwanamke peke yangu chumbani, na nauli niliikopa.

Nilikuwa kliniki. Nimeshakagua breki na kamba za lifti zote mbili, nimetoa kalamu nisaini kadi za ukaguzi, msimamizi wa jengo akanizuia. Kwenye orodha ya Bodi inayotoa vyeti jina langu ni jekundu: muda umekwisha, ada haijalipwa. Samahani mama, akasema, ila kufikia Ijumaa lazima apate sahihi halali. Alikuwa anatabasamu. Kwa nini?

Na nimelipa! Desemba 12, taslimu. Elfu sitini za cheti, elfu thelathini za uanachama. Kama kila mwaka, Katibu wa tawi la chama chetu cha mafundi alipita karakana kwa karakana na bahasha yake ya kaki, atulipie wote makao makuu kwa mkupuo, tusipoteze siku ya kazi kwenye foleni. Mdogo wangu, fundi mwenzangu hapa karakana, alitia zake mbele ya macho yangu.

Jumatano, 5 Februari

Katibu amepokea simu mara ya tatu. Kicheko kingi. "Fundi Mkuu, huo ni mtandao tu." Mtandao! Nikaomba risiti. Akasema ipo. Nikasema iwepo hapa kwangu. Imefika alasiri, picha imekaa upande: elfu tisini, uanachama, miaka mitatu.

Tisini gawanya kwa thelathini: tatu. Hesabu imekaa sawa mno kuwa kosa. Sina cheti, lakini mwanachama ni mimi hadi 2027. Labda nikague lifti kwa kadi ya chama.

Pesa ya cheti inakwenda Bodi. Ya uanachama inabaki chamani, na Machi tawi lenye michango mikubwa ndilo linalopewa kiti kwenye kamati kuu. Kiti hicho Katibu amekitolea macho tangu mwaka juzi.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, kapiga simu saa nane mchana kuuliza naendeleaje. Hajawahi kunipigia siku ya kazi.

Alhamisi, 6 Februari

Makao makuu. Dirisha moja la Bodi na chama, foleni ya saa mbili na nusu. Karani wa dirishani akasema Bodi haigusi pesa ya chama bila barua ya Katibu. Simu ya Katibu imezimwa. Basi nimelipa upya: sitini, na faini thelathini. Jina litarudi baada ya siku kumi za kazi. Ningefika Machi, ningerudia mtihani na 41 angepewa mwingine.

Hilo nimelimeza. Lililonikwama ni jingine. Karani kanigeuzia kompyuta nione tawi letu zima. Mafundi kumi na wanne. Kumi na mmoja wekundu, kila mmoja uanachama wa miaka mitatu. Watatu wa kijani: nao pesa za Desemba zilikwenda kulekule, ila wamelipia vyeti tena hapo dirishani, siku moja, Januari 9. Katibu. Mkwe wa Katibu. Na mdogo wangu.

Nikamwomba aisome tena namba. Akaisoma. Ni yake.

Mdogo wangu kulipa mara mbili! Huyu anayevaa viatu hadi soli imuage. Halipi mara mbili ila awe ameambiwa ya kwanza imekwenda wapi. Na tangu Januari 9 hadi 31 ni siku ishirini na mbili. Tumekula chakula cha mchana pamoja siku ngapi kati ya hizo?

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda kliniki kuomba wanivumilie. Kadi zimeshasainiwa, lifti zote mbili. Wino mzito, ule niliomfundisha mwenyewe kuutumia ili grisi isiufute. Tarehe: 5 Februari. Siku wifi aliyonijulia hali.

"Si ndugu yako?" msimamizi akasema. "Alisema mmekubaliana."

Ukaguzi nilifanya mimi. Na mkataba wa mwaka unaandikwa kwa jina la aliyesaini Februari.

Jumamosi, 8 Februari

Kaja karakana anapiga mluzi. Nikamwekea mbele risiti ya Katibu, niliyoichapisha. Mluzi ukakatika.

"Dada, nimekushikia tu kazi isiende kwa watu. Cheti kikirudi, nakurudishia."

Nikamuuliza, na Januari? Akaanza kupanga spana ambazo zimeshapangwa. Akasema Katibu alimwambia asimwambie mtu.

"Mtu," nikasema, "au mimi?"

Simu yake ikaita. Akatazama nani, akatoka kuipokelea nje. Dakika arobaini sasa. Sanduku lake la vifaa liko wazi juu ya meza, koti limening'inia. Kutoka dirishani namwona mgongo tu.

Nimeandika nyuma ya risiti na kuiweka juu ya spana zake, aione kabla ya kugusa chochote:

Januari 9, dirishani, ulijua kuwa na pesa yangu ya cheti, ya kwenye bahasha ile, haikufika Bodi? Ndiyo au hapana. Sitaki "lakini". Nijibu Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, kabla sijafungua kufuli la karakana.